Kiti cha Mama Akili

Ndugu waombolezaji, familia inaomba masikio yenu kidogo, tuwaeleze habari za huyu aliyelala hapa mbele, ambaye nyumbani tulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama, na shuleni alikohudumia walimwita Mama Akili, jina alilolichukia kwanza, halafu akalizoea, mwisho akalipenda.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1977, chumba cha nyuma cha baba yetu fundi cherehani, akasoma shule ya msingi hadi 1991, sekondari hadi 1995, akaingia chuo cha uuguzi, na huko akachagua wodi ya wagonjwa wa akili ambayo wenzake waliikimbia, tulipomuuliza kulikoni akasema kule angalau watu hawajifanyi. Mwaka 1999 aliajiriwa zahanati ya mtaa, tarehe 14 Agosti 2004 akaolewa na fundi wa kuchomelea mageti, wakajaliwa binti mwaka 2006 na mvulana mwaka 2009.

Januari 2016 zahanati ilimpeleka kuhudumia sekondari ya jirani, akapewa stoo ya mipira, mlangoni wakabandika kibao, Afya ya Akili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana walimu walielewa ni mahali pa wasio na akili, wakawa wanampelekea kila aliyefeli hesabu, naye jioni anacheka hadi machozi, anatuambia leo tena nimefundisha kugawanya. Lakini binti aliyeshika namba moja hakupelekwa, nani ampeleke na akili zote zile, mpaka asubuhi moja alipokutwa chooni hajitambui, amekunywa sumu, Mungu akamnusuru.

Siku hiyo Kitinda alikibandua kibao kwa mikono yake, akamwambia mkuu wa shule kwamba hataki chumba, anataka kukaa kwenye kikao cha Jumatatu, pale walimu wanapojadili wanafunzi wenye matatizo, akajibiwa kikao ni cha walimu, basi akabeba kiti cha plastiki kutoka nyumbani, akakaa nacho mlangoni muhula mzima, mpaka mwalimu wa nidhamu akachoka, akamwambia mama ingia basi, unatuzibia upepo. Tangu hapo, kabla mtoto hajachapwa wala kufukuzwa, yeye aliuliza swali moja tu, huyu jana alilala wapi, na mara nyingi mle ndani hakuna aliyejua.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa hospitali ya rufaa, na kila tulipokwenda kumwona alituuliza nani amekaa pale kwenye kiti chake, tukamdanganya kuwa yupo mtu. Jamani, hakuna mtu. Shule inasubiri zahanati, zahanati inasubiri shule, kiti wameturudishia nyumbani kimefutwa vizuri, na mwezi uliopita wamefukuzwa wanafunzi wawili bila lile swali kuulizwa. Alifariki tarehe 2 Novemba 2024 asubuhi, mkono wake ukiwa kwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotupikia na kututekea maji, walimu na wafanyakazi wenzake wa zahanati mliofika. Kiti tumekuja nacho, kipo pale kwenye miguu ya jeneza, mkuu wa shule na mganga wa zahanati, tunawapigia magoti, kibebeni nyote wawili, msikipeleke stoo.

Kitinda, leo wewe tunajua unalala wapi, wale wanafunzi wawili hatujui. Pumzika, mdogo wetu, amani iwe yako, sisi bado hatuna.