Aliyesubiri Maji kwa Neno la Mdogo Wake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mbelewele, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, katika nyumba ya pili kutoka mfereji mkuu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu.

Alianza shule mwaka 1966 na kufika darasa la sita. Mama yao alipofariki, aliacha masomo ili amlee kitindamimba wao wa kiume, aliyekuwa bado anatambaa. Alipalilia naye mgongoni. Mtoto alipoanza shule, dada ndiye aliyeketi kwenye vikao vya wazazi, msichana peke yake kati ya watu wazima.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani. Siku ya harusi, zamu ya maji ya shamba la baba yake iliangukia alasiri, wageni wakiwa mezani. Bibi harusi alipandisha gauni, akashika jembe. Shangazi akamkimbilia: "We mtoto, una wazimu? Mume anakungoja!" Akajibu, "Huyo atangoja, shangazi. Mahindi yametoa ndevu, hayangoji mtu." Mumewe, baba yetu, amekisimulia kisa hicho tena leo asubuhi, akacheka, kisha akalia.

Kazi yake ilikuwa kilimo cha mahindi, na aliijua. Alizoea kusema kwamba mahindi machanga huvumilia kiu, lakini yakikosa maji wakati wa mbelewele, yanapotoa maua, msimu umekwenda na maji. Hesabu yote ilikuwa siku ya kupanda: upande lini ili mbelewele ikute mfereji umejaa. Wanawake wa mashamba ya chini hawakutia mbegu ardhini mpaka yeye aseme. Ni yeye pia aliyemwombea mdogo wake huyo aliyemlea kazi ya kufungua na kufunga mlango wa mfereji. Aliiambia kamati ya maji, "Mkimkataa yeye, mmenikataa mimi."

Msimu wa 2017, mashamba yakiwa tayari, mdogo wake alikuja barazani, shemeji yake akiwa pale pale kwenye cherehani. "Dada, msiwe na haraka. Pandeni mwezi ujao, maji yapo tele mpaka mvune." Dada aliamini, akawaambia wenzake wasubiri. Kumbe mdogo wake alishaambiwa na ofisi ya maji kwamba mfereji utafungwa mapema kwa matengenezo. Alinyamaza, akapanda shamba lake wiki hiyo hiyo, maji ya mwanzo akayapata bila mtu wa kugawana naye. Mfereji ulipofungwa, mahindi yake yalikuwa yameshajaza punje. Ya dada yake na wenzake ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa ndevu. Walivuna magunzi.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Hao wahenga hawakuwa na ndugu kama huyu.

Marehemu aliitwa mwongo sokoni, akasalimiwa kwa ncha ya ulimi. Hakuna aliyemuuliza tena siku ya kupanda. Mmoja wa mafundi waliotengeneza mfereji alipomweleza ukweli, alimsihi asiutoe nje: "Nikimtaja watamfukuza, na watoto wake watakula nini? Mwache, atasema mwenyewe." Hakusema. Ilimuuma mama yetu, tena sana, na sisi wanawe tuliona.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara mbili. Mdogo wake alikuja na machungwa, akaongea habari za joto, akaaga. Mama akageukia ukutani. "Nilimlea mimi huyu," akasema. Kisha akatuambia, "Nikishaondoka, semeni." Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, alfajiri.

Kwenu wanawake wa mashamba ya chini: hakuwadanganya. Alidanganywa pamoja nanyi.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, dada mmoja, na mdogo wake, aliyeketi nasi hapa mstari wa mbele. Marehemu aliagiza atajwe miongoni mwa wafiwa, naye ametajwa. Kama alimsamehe, hakutuambia, nasi hatuwezi kumsemea. Mungu amlaze kwa amani, ile aliyonyimwa na wa kwao.