Kavugho Mwenye Phonie Mgongoni

Mbele ya nyumba ya phonie, redio ya kuongea na watu wa mbali, katikati ya mji wa Butembo, mashariki ya Kongo, palikuwa na ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya betri mbili za lori lililokwisha kufa, na ubao huo ndio uliokuwa bunge la mtaa. Miaka ile ya vita, aliyetaka kusikia sauti ya ndugu yake wa Beni, wa Kampala au wa mbali zaidi, alikuja kukaa pale, akachukua kikombe cha kahawa kwa Mama Berthe, akangoja Éliakim, bwana wa mitambo, aliite jina lake dirishani. Phonie haina siri. Neno likitoka ndani linasikika mpaka barabarani, kwa hiyo wenye ubao wao walijua mambo ya mji mzima, na yale wasiyoyajua waliyatunga wenyewe bila kuona haya. Kahawa ilikuwa chungu, baridi ya mlima ilikuwa kali, na maneno yalikuwa mengi kuliko vyote viwili.

Mwenye nafasi ya katikati alikuwa Kasonia, seremala, aliyeitwa Amiral, yaani mkuu wa jeshi la majini, ingawa maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Edouard, tena kwa mbali. Cheo hicho alijitafutia mwenyewe. Binti yake, Virginie Kavugho, alikuwa Tanzania akisomea viumbe vya bahari, na tangu aondoke, Kasonia hakumaliza kikombe kimoja bila kuitaja bahari. Asubuhi hiyo alikuwa anamweleza Esdras, muuza mitumba, habari za nguva. Esdras aliitwa Minisitri, kwa kuwa wizara yoyote ukimpa angeipokea.

— Nguva ni nyama kubwa ya bahari, Kasonia alisema. Anakula majani kule chini ya maji, na ananyonyesha mutoto yake sawa mama.

— Donc ni ng'ombe, Esdras akasema.

— Bafaransa banamuita vile, ng'ombe ya bahari.

— Pembe yake iko wapi?

— Haina pembe.

— Miguu?

— Haina.

— Ng'ombe bila pembe, bila miguu, ndani ya maji! Amiral, mutoto yako anachunga nini huko? Bazee balisema: samaki mukunje angali mubichi. Ule banamukunja namna gani, na unene ile?

— Hapana kuchunga. Anahesabu majani.

Upande wa pili wa ubao, Josaphat alipaliwa na kahawa. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli, na watu walimwita Radio, maana akipata habari hawezi kulala nayo.

— Anahesabu majani? Kwetu Musienene majani tunang'oa, tunatupa! Mi naweza kuwa professeur!

— Ile ya bahari ni chakula ya nguva na ya kasa, na samaki badogo banajificha mule. Ikikufa, bote banakufa. Anaweka cadre, fremu ya pande ine, kule chini, anaangalia majani ngapi iko ndani. Cadre ya kwanza mi njo nilitengeneza, na mbao ya libuyu safi, nikaituma na camion ya Kasindi.

— Na cadre ikafanya nini?

Kasonia akakohoa.

— Ikaelea.

Ubao mzima ukaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Lakini hata katika kucheka alijivuna. Taja seremala mwingine wa Butembo ambaye kazi yake imewahi kuogelea baharini!

Kujivuna huko kulikuwa na gharama yake. Ndugu zake walitaka msichana aolewe, mbuzi wa mahari waingie zizini, mambo yaishe. Kasonia akauza msitu wake wa mikaratusi, akampandisha binti kwenye lori la wafanyabiashara. Wakati huo vijana wa kila nyumba walikuwa wanamezwa na majeshi, huyu kwa kupenda, yule kwa kamba, na Kasonia alisimama mbele ya ukoo akasema: "Huyu ninamtuma mbali ili mgongo wake usibebe mzigo wa jeshi lolote." Walimcheka. Tangu siku hiyo alikuwa anaishi kwa neno hilo, na kila habari njema kutoka baharini aliipeleka kwa ndugu zake kabla haijapoa.

— Kasonia! Éliakim akaita dirishani. Kampala iko ku ligne!

Kabla hajainuka, sauti ya mfanyabiashara wa kwao anayekaa Kampala ikatoka ndani ikimwagika mpaka barabarani:

— Butembo, Butembo! Habari ya Papa Kasonia, nimepata na téléphone kutoka ku bahari. Ninasoma: Kavugho alinaswa mu nyavu ya bavuvi. Balimutoa muzima. Bakamufunga phonie mugongoni. Akaingia mu maji. Sasa anaelekea Msumbiji. Papa afurahi. Bien reçu, mumesikia? À vous!

Halafu kukawa na mlio kama mafuta ya kukaangia, halafu kimya. Éliakim alizungusha vitufe, akapiga kisanduku kofi, akatoa kichwa nje.

— Imekatika. Tungoje, atarudia.

Mama Berthe alibaki na chupa ya kahawa hewani. Kwa Wanande msichana wa tatu ni Kavugho, apende asipende, jina linamngoja kabla hajazaliwa. Na binti wa tatu wa Kasonia alikuwa Virginie. Hapakuwa na haja ya kuuliza Kavugho gani.

— Phonie mugongoni, Josaphat akasema polepole.

Kila mtu wa mji ule alijua ni nani anayebeba phonie mgongoni. Ni askari, yule anayetembea nyuma ya kamanda, antena ikiyumba juu ya kichwa chake.

— Amiral, mutoto ameingia jeshi?

— Hapana!

— Jeshi gani iko mu maji? Berthe akauliza.

— Rébellion ya bahari, Esdras akajibu, na hakutafuta hata pumzi. Hapa kila kundi haina jina muzuri? Kule banajiita Bavuvi. Nyavu, ile ni barrière ya askari. Alifika ku barrière bila jeton ya kulipia njia, bakamukamata. Mais bakaona iko na akili, bakamupa phonie. Bazee balisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe phonie.

— Ni jembe, Berthe akasema.

— Jembe ni ya zamani, mama.

Josaphat alikuwa amekwisha kusimama. Macho yalimng'aa.

— Ngoja! Ng'ombe bila pembe, bila miguu, anazama, anapanda kupumua, anazama tena. Amiral, ile nguva haiko nyama. Ile ni sous-marin, chombo ya vita ya chini ya maji! Na majani yenye Kavugho anahesabu, ile ni mines, bomu ya kutega!

— Voilà! Esdras akapiga paja. Na Msumbiji, anaenda kule juu ya nini? Banazunguka Afrika yote kwa chini, banatokea ku bandari ya Banana, banapanda fleuve Congo mupaka Kinshasa. Bakubwa banaangalia juu, banangoja ndege. Kavugho anatokea ku bandari na nguva yake! Vita inaisha! Inaishia ku mukono ya mutoto ya Butembo!

— Général Kavugho! Josaphat akapiga saluti, kifua mbele, mafuta ya baiskeli yakiwa bado kwenye vidole. Bandugu, tutakuwa na barabara ya lami!

Wapita njia wawili walisimama kusikiliza, na mmoja alianza kupiga makofi. Kasonia hakucheka. Aliweka kikombe chini kati ya miguu. Lililomchoma zaidi ni lile neno la mwisho, papa afurahi. Afurahie nini? Msitu wa mikaratusi umekwenda, na mgongo aliouficha mbali na majeshi yote ya nchi hii umekwenda kujifunga mzigo wenyewe, ugenini, tena kwa furaha. Aliwaona ndugu zake wakifika jioni na viti vyao, wakiketi, wakianza kwa kumpa pole. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu.

— Nyamazeni, akasema. Kama ni kweli, nitaenda ku bandugu, niseme bo njo balikuwa na haki. Na ule asiniite papa tena.

— Papa Kasonia, Berthe akasema, hapana kukataa mutoto mbele ya kusikia sauti yake.

Hata Radio alizimika. Kahawa ilipoa vikombeni, na kitu kilichosikika ni Éliakim tu, akiita Kampala, Kampala, kama mtu anayemwita kuku aliyepotea. Mwishowe mlio wa mafuta ukarudi.

— Butembo! Papa Kasonia iko karibu? Niko na mutoto yake ku téléphone. Nitaiweka karibu na micro. Asemeke nguvu!

Kasonia aliingia ndani akagonga goti kwenye meza. Sauti ikaja, nyembamba, imepita mashine mbili na mipaka miwili, lakini ilikuwa yenyewe.

— Papa! Ni miye!

— Weye nani?

— Virginie!

— Phonie iko ku mugongo yako?

— Phonie gani?

— Banasema bavuvi balikukamata, bakakufunga phonie, uko unaenda Msumbiji!

Kicheko kikajaa kwenye kile kisanduku mpaka kikatetemeka.

— Papa, Kavugho haiko miye! Kavugho ni kasa! Kobe ya bahari!

Nje, ubao mzima ulisogea dirishani.

— Tunabafunga ka-machine mugongoni, tujue fasi gani banaendaka kula majani, Virginie akaendelea. Ule wa kwanza, batu ya huku baliniuliza atapata jina gani. Nikasema kwetu hatuchaguake, musichana wa kwanza ni Masika. Huyu ni wa tatu. Donc Kavugho. Alinaswa mu nyavu, papa, alikuwa karibu kufa, juu kasa na nguva banapumua hewa sawa sisi. Na muvuvi mwenyewe alimutoa, akatuita! Zamani angemupika. Siku mingi tulikaa nabo, tukasikilizana: fasi ya majani, hapana nyavu. Ni sawa shamba ya Musienene, munaiachaka ipumzike. Siku ile tulilia na furaha. Nikasema papa ajue. À vous!

Kasonia alishika ukingo wa meza.

— Na cadre yangu? akauliza. Alitaka kuuliza jambo kubwa zaidi, likakosa njia.

— Inaning'inia ku mulango ya bureau. Kila mugeni anauliza nani alitengeneza.

Esdras akapenyeza kichwa dirishani.

— Mutoto! Jina ya mukaka wako, bibi ya papa yako, umepatia kobe?

Hilo lilikuwa neno zito, jina la mzee wa ukoo kupewa mnyama, na kila aliyekuwepo alilijua.

— Nilikosa, papa? Virginie akauliza.

Kasonia alifikiri kidogo. Alimfikiria bibi yake, Kavugho wa kwanza aliyemjua, mwanamke mfupi mwenye shingo ngumu aliyepanda milima na mzigo bila kumsemesha mtu.

— Haukukosa. Jina inangojaka mutoto wa tatu. Hapana kuuliza kama iko na miguu. Na kama ule anaogelea kwa kichwa ngumu, ni wa kwetu kabisa. Bien reçu, mama! akapiga kelele, na mama hapo lilikuwa jina la mapenzi ambalo hakuwa amemwita tangu utoto. Bien reçu!

Alitoka nje kifua kikiwa kimemtangulia.

— Berthe, mimina bote!

— Mi nilisema! Esdras akasema. Nilisema ule hapana askari! Bazee balisema: asiyesikia la mukubwa anavunjika guu. Kasa haina guu, donc alisikia!

— Kwenda Beni tu unasimamishwa kila kona, Josaphat akasema, mufuko inabaki bule. Kavugho wetu anatoka Tanzania, anaingia Msumbiji, bila jeton, bila laissez-passer, bila kusalimia mutu!

— Butembo haina hata mutumbwi moja, Kasonia akasema, mais mu bahari iko na batoto. Bandugu yangu bataisikia hii leo. Kila asubuhi mutoto yangu anaangalia mu machine, anasema: Kavugho iko hapa, jana alikuwa pale. Mutu wa kwetu hapana kupotea! Hata mu maji banajua fasi iko!

Wakacheka, wakagonganisha vikombe. Mwanamke mmoja alikuwa amefika katikati ya shangwe hiyo na kusimama kando ya ubao, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la barabara, viatu mkononi. Alingoja kicheko kipungue.

— Wavukire, akasalimu. Miye ni Tamar, nimetoka Oicha. Papa, samahani. Ile phonie banafungaka kobe, banaweza kufunga mutu?

— Mutu gani, mama?

— Bwana yangu. Alienda ku shamba, askari bakapita, hakurudi. Mi nataka kujua tu fasi iko.

Josaphat akatazama vidole vyake. Mama Berthe alimimina kikombe cha mgeni, yakatoka machicha. Sauti ya binti yake ilikuwa ingali moto sikioni mwa Kasonia, na furaha yake haikuwa imepungua, ila sasa hakujua aiweke wapi. Akasogea, akapangusa ubao kwa kiganja.

— Kaa hapa, mama. Éliakim! Hapana kuzima machine. Bwana yako ni nani?

— Kitsa.

— Éliakim, ita Kitsa!

Éliakim alichungulia dirishani, mkono wake ukiwa tayari kwenye kitufe.

— Nimuite fasi gani?

Tamar akamtazama Kasonia, na Kasonia akamtazama Esdras, ambaye siku zote alikuwa na jibu.