Bwana Stoo na Spika ya Mama Watoto

Mtunza stoo wetu, tunayemwita Bwana Stoo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne kazini. Katika muda wote huo amepoteza stepla moja tu, na mpaka leo anamshuku mhasibu.

Mimi ni karani wa masjala. Kati ya meza yangu na stoo yake kuna ukuta wa plaiwudi, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyasikia mwenyewe, mengine bila kupenda.

Miaka miwili iliyopita mkewe alianza kupoteza usikivu. Kifaa cha sikioni kilimpa maumivu ya kichwa, akakirudisha kwenye boksi. Kilichomuuma zaidi ni kuikosa taarifa ya habari redioni, ambayo walikuwa wakiisikiliza pamoja tangu waoane. Bwana Stoo alivaa hedifoni, akaanza kufuatilia podkasti za watu wanaojitengenezea spika nyumbani.

Vipindi vilikuwa vingi, kwa hiyo aliviharakisha kwenye simu hadi mtangazaji akawa anaongea kama anayefukuzwa na nyuki. Tukamwambia ufundi haujifunzwi bila kuona hata picha. Akajibu kwamba yeye hatengenezi picha. Haya, tukarudi kwenye mafaili yetu.

Alikata mbao, akalehemu nyaya, akaunguza kidole na kitambaa cha meza cha mkewe. Spika ilipokamilika aliijaribu hapa ofisini kwa podkasti ileile, akitumia simu yangu kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji. Masikini! Kwake mtangazaji alisikika akijikokota. Bwana Stoo akaifungua, akabadilisha nyaya, akaomba tena simu yangu. Bado anajikokota. Aliifungua mara nne ndani ya wiki tatu, akakonda. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya katoni za karatasi, akasema ameshindwa, mama watoto ndiyo basi tena. Kusema kweli, niliumia.

Aliyetuokoa ni mama wa usafi, ambaye Bwana Stoo aliwahi kumvika hedifoni asikilize. Aliuliza kwa nini kwenye simu yangu yule mtangazaji haongei mbio kama kwenye simu ya Bwana Stoo. Lo! Simu yangu haikuwa imeharakishwa. Spika ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kwa muda wote huo mwenzetu alikuwa hajui yule bwana anaongeaje hasa.

Jioni hiyohiyo, kama alivyotusimulia kesho yake, aliibeba nyumbani, akaunganisha maikrofoni, akamwita mkewe kwa jina. Mkewe alilia, halafu akamwambia sauti yake imezeeka. Kisha wakasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho.

Bwana Stoo, asante kwa kila karatasi, kila kalamu na kila saini uliyotudai. Tunawatakia nyote wawili siku nyingi njema, na uongee taratibu. Sasa yupo anayekusikia.