Kutoka Mtama Hadi Harage: Maneno ya Wahudumu wa Nyumba ya Panya

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Taasisi yetu ya utafiti, Mkurugenzi, wakuu wa idara, mabibi na mabwana. Panya nao wangependa kuwepo, lakini wako kwenye kiyoyozi na daktari wao hataki wapigwe na jua.

KUKUKARIBISHA

Sisi wahudumu kumi na mmoja wa Nyumba ya Panya tumefurahi mno kukuona. Tumeagizwa tufurahi tangu Jumatatu. Ukuta ulio nyuma yako umepakwa rangi jana jioni, kwa hiyo tunakuomba usiuegemee.

Tunakushukuru kwa kuja kuzindua chumba kipya cha panya, ambacho hewa yake hubadilishwa na kuchujwa mara kumi na tano kwa saa. Sisi chakula cha mchana tunakula kwenye stoo ya maranda ya kutandikia vizimba. Huko hewa tunaichuja wenyewe, kwa pua.

TULIKOTOKA

Nyumba hii ilianza miaka kumi na miwili iliyopita, wataalamu walipotaka kujua homoni za kike na za kiume zinachangia vipi saratani. Tutakueleza kama tulivyoelewa sisi tunaofagia.

Panya jike akipewa kemikali ya kuanzisha saratani, huota uvimbe kwenye matiti. Mwenzake aliyetolewa ovari mapema, akipewa kemikali ileile, mara nyingi hubaki salama. Mrudishie homoni ya kike, yaani estrojeni, kwenye chakula chake, na uvimbe nao unarudi. Kwenye ini mambo hugeuka: huko panya madume ndio wanaoumia kuliko majike, na dume aliyehasiwa hupata nafuu. Tangu tumweleze hayo mlinzi wetu wa getini, ambaye zamani alikuwa akitamba kwamba dume ni dume, siku hizi hupita mlango wa chumba cha madume kimyakimya.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, na mengi yako kwenye vidole vya mtu mmoja, Mama Mizani. Tulimpa jina hilo kwa sababu alianzia kazi kwenye mizani ya kupimia panya. Kila asubuhi yeye ndiye anayechanganya unga wa estrojeni kwenye chakula cha majike. Kila Alhamisi huwapapasa mmoja mmoja kutafuta uvimbe.

Kipimo cha chuma tuliletewa, betri ikafa, na tangu hapo tunapima kwa nafaka. Uvimbe mdogo kabisa tunauita mtama, unaofuata choroko, mkubwa ni harage. Mama Mizani anaupata mtama ambao mashine ya picha haiuoni mpaka mwezi upite. Matokeo ya vidole vyake yameshasomwa kwenye mikutano mitatu ya kimataifa. Yeye mwenyewe hajawahi kupandishwa hata ghorofa ya pili.

Tunajivunia pia kanuni iliyobandikwa ukutani, iliyosainiwa na Mkurugenzi: mnyama mwenye uvimbe uliofikia harage aonwe na daktari ndani ya saa ishirini na nne, bila kisingizio. Hatujaivunja hata mara moja. Daktari wa panya huja hata Jumapili, akiwa na kandambili.

CHANGAMOTO

Glovu zililetwa boksi moja, tukaambiwa ni za wageni. Barakoa ipo, moja, na huvaliwa na yeyote anayepigwa picha. Kwa hiyo unga ule Mama Mizani ameuchanganya kwa mikono yake mitupu, miaka yote kumi na miwili.

Alhamisi moja, miezi minne iliyopita, alimaliza panya wa mwisho, akaenda kubadilisha nguo. Vidole vilivyozoea kupapasa havikujua kwamba kazi imekwisha. Akarudi mezani, na kwa mazoea akaandika kwenye daftari la panya: titi la kushoto, juu, mtama, hautelezi.

Kesho yake karani wa takwimu akamwita.

"Mama, hapa hujaandika namba ya panya."

"Hana namba. Huyo ni mimi."

Karani alifikiri kidogo, maana ni kijana mwenye adabu. "Sasa mama, nikuweke kundi gani?"

Kundi halikupatikana. Mstari ukakatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pakaandikwa "kosa la uandishi".

Hospitali haitupokei bila barua ya ofisi. Mama Mizani akaiomba. Kwanza aliambiwa avute subira mpaka ukaguzi upite. Ukaguzi ukapita, mtama ukawa choroko. Akaomba tena, akajibiwa kwa maandishi kwamba hana wa kumshikia nafasi, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye vidole kama vyake, basi asubiri mpaka ziara yako, Mgeni rasmi, ikamilike. Hatujawahi kuona mtu akisifiwa vizuri hivyo kwenye barua ya kunyimwa.

Hatusemi unga ndio uliomfanya. Sisi si wataalamu, na wataalamu watasema jambo hilo linahitaji utafiti. Tunasema tu kwamba tunaogopa. Tumeona jinsi panya wanavyoisha, sisi ndio tunaowatoa kwenye vizimba.

MAOMBI

Tunaomba glovu, barakoa na mahali pa kulia chakula. Hayo yanaweza kusubiri, kusubiri tumefundishwa vizuri.

Ombi letu hasa ni moja. Mama Mizani apewe barua ya hospitali. Kama barua ni ngumu, basi apewe namba ya panya. Kundi lolote litamfaa.

Leo saa mbili asubuhi, kabla hujafika, watatu kati yetu tulimpapasa Mama Mizani kwenye stoo ya maranda, kila mmoja kwa zamu, ili isije ikasemwa kwamba tumekosea. Sote watatu tumelikuta harage. Tumeliandika kwenye daftari, ukurasa wa leo, na daftari liko hapo mezani, kando ya mkasi wako wa kukatia utepe. Mahali pa namba tumepaacha wazi.

Ofisi ilitutaka tuchague msomaji mwenye sauti tulivu. Tumemchagua yeye. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe macho ya kuona mapema na watu wa kukusikiliza ukisema panauma. Sasa ni saa tano kamili, Mgeni rasmi. Kwa kanuni iliyo ukutani, zimebaki saa ishirini na moja.

Ni sisi,
Wahudumu wa Nyumba ya Panya.