Chumba Namba Sifuri

Benchi letu lilitoka kwenye ukumbi wa mihadhara, likaletwa stoo kutengenezwa mguu, na halikurudi tena. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa asubuhi, sisi tunaokifanya chuo kisimame: mimi Brashi, mpaka rangi; Waya, fundi umeme; Mama Funguo wa usafi, mwenye funguo kibao kiunoni; na Profesa, mtunza bustani, ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja ila kasikiliza masomo yote dirishani huku akipunguza ua. Jumatatu ile Waya hakugusa kikombe chake. Alikuwa ameshika ratiba mpya ya vipindi, na jasho linamtoka asubuhi yote hiyo.

— Someni wenyewe. Saa tatu, somo la takwimu, chumba namba 0.

— Chumba 0 cha wapi? Profesa akauliza.

— Ile korido, bwana! Wameipangia kipindi!

Hapo nikameza kahawa ya moto bila kupenda, maana ile sifuri niliipaka mimi. Korido ya chini ya maktaba ya zamani ilikaa miaka minne bila taa. Mama Funguo alianguka humo na ndoo ya maji, mkono ukavunjika, na mpaka leo haunyooki sawasawa. Tukajaza fomu ya matengenezo mara tatu, ikarudi mara tatu na maneno yaleyale: andika namba ya chumba. Korido haina namba. Basi Waya akanijia: "Brashi, wewe si una rangi? Ipe namba." Vyumba vya pale vinaanzia 1 mpaka 22, na korido iko kabla ya chumba 1; nami ni mtu wa utaratibu, siwezi kuweka 23 kabla ya 1. Nikaandika 0. Fomu ikapita, taa sita zikaja, Waya akazifunga kwa mikono yake siku hiyohiyo. Kosa langu ni moja tu: niliiandika vizuri mno. Bluu ya chuo, kipimo cha chuo, kingo zimenyooka. Watu wa kuhesabu vyumba walipopita, wakaiandika na wao kwenye daftari lao.

— Ungeandika ovyo kidogo, tusingefika hapa, Waya akanilaumu.

— Kuandika ovyo mimi siwezi. Niombe kingine.

— Kwanza tuliletewa viti arobaini, Waya akaendelea. Nikanyamaza, nikavipanga chini ya ngazi. Ukaja ubao. Likaja pazia. Pazia la dirisha gani, jamani?

— Na kitasa, Mama Funguo akasema. Kipya, ndani ya boksi lake. Nikapewa na ufunguo. Huu hapa, umeandikwa 0. Nimefungua milango ya chuo hiki yote, huu tu ndio sijapata pa kuuchomeka.

Profesa akaweka mkasi wake wa majani chini. Tukajua tumekwisha.

— Sikilizeni niwaambie mambo ya utawala, akaanza. Chumba kikishaingia kwenye daftari, hakitoki. Watakiwekea msimamizi.

— Acha hizo.

— Msimamizi atataka ofisi. Ofisi itakuwa ndani ya chumba 0. Atataka katibu. Katibu naye atauliza meza iko wapi, wataleta meza mbili.

— Profesa, kunywa kahawa.

— Mwaka kesho wataita wageni kuja kukizindua. Watakata utepe! Ila utepe watafunga wapi, na mlango hakuna? Ndipo wataunda kamati ya kuutafuta mlango. Na mwenyekiti wa kamati...

— Atakuwa wewe! nikamkatiza.

— Sikatai, ndugu yangu. Masomo ninayo.

Mama Funguo alicheka mpaka funguo zikalia. Waya peke yake hakucheka.

— Nyie mnacheka. Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Barua ya kuniongezea iko kwa meneja wa majengo, bado hajasaini. Mwalimu akikosa chumba, ataenda ofisini kulalamika. Watauliza nani aliomba taa za chumba 0. Fomu ina jina la nani? La kwangu. Nitarudi nyumbani nimwambie mke wangu nini? Kwamba nimefukuzwa kwa ajili ya chumba kisichokuwepo?

Kijiwe kikapoa. Mimi nikaangalia vidole vyangu, bado vina bluu kwenye kucha, nikajiona mjinga. Mama Funguo akasogea karibu na Waya, akamwekea mkono begani, ule uliopinda.

— Sikiliza, mdogo wangu. Mimi kabla ya taa zako nilikuwa naingia korido ile kila siku nikipapasa ukuta, moyo mkononi. Nimeumwa miezi minne. Walionipa pole ni wengi, Mungu awabariki. Aliyeweka taa ni wewe. Nikiwasha ile swichi asubuhi, kabla sijaloweka hata tambara, nakuombea. Sijawahi kukwambia. Leo nakwambia: asante.

Ndipo tukasikia viatu vinakuja haraka kwenye kokoto. Akatokea mwanamke kijana, mikono imejaa vitabu na makaratasi, shingoni kitambulisho kipya kabisa.

— Shikamooni. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwalimu mpya wa takwimu. Natafuta chumba namba 0, nimelizunguka jengo mara mbili. Namba nimeiona ukutani, imeandikwa vizuri sana.

Nilijifanya sijasikia, ingawa masikio yalinisimama.

— Ila mlango wake uko upande gani?

Profesa, mtu wa kamati, alikuwa anachunguza mkasi wake kana kwamba ameuokota. Waya akasimama.

— Mwalimu, kosa ni langu mimi...

— Kaa chini, Mama Funguo akamwambia, naye akainuka. Mwalimu, mlango haujafika. Viti vipo, ubao upo, na mwanga upo. Twende nikakuonyeshe.

Tukaacha vikombe, tukawafuata sote watatu, maana mtu hawezi kubaki kijiweni siku kama hiyo. Mama Funguo akabonyeza swichi. Taa sita zikawaka kwa pamoja. Mwalimu akatazama mwanzo wa korido, akatazama mwisho wake, upande mmoja bustani, upande wa pili ngazi. Akatutazama sisi, mmoja mmoja. Nikaona ameelewa. Alichokielewa chote sijui, lakini alielewa.

— Taa hizi nani kaziweka?

— Mimi, Waya akasema, kwa sauti ndogo.

Mwalimu akatua vitabu vyake kwenye kiti cha kwanza.

— Chuo nilikotoka, nilifundisha muhula mzima kwa mwanga wa simu za wanafunzi. Asante sana, kaka.

Tayari wanafunzi walishaanza kumiminika kutoka ngazini, kila mmoja anavuta kiti. Profesa akawa anawaelekeza pa kukaa kana kwamba ndiye aliyewadahili. Waya akasimama palepale, mikono haijui pa kwenda.

— Mwalimu, akauliza, sasa ofisini utawaambia nini?

— Waliniambia nikikikosa chumba, nirudi kulalamika, akajibu, huku anaandika tarehe ubaoni. Nimekipata.