Mtungi Mlangoni kwa Wifi

Ndugu zangu wa Lulindi, nanyi mliotoka Newala, nawasalimu katika Bwana, ambaye hakuchoshwa na maswali yangu. Huko chuo kikuu Uganda nilizoea kudai ushahidi wa kila jambo. Nilirudi Newala kumzika baba nikiwa siombi wala siimbi.

Matanga hayajaisha, shangazi, dada yake baba, akaja na wanawe. Mila yetu mnaijua: mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Mikorosho ambayo mama aliipanda na kuipalilia pamoja na baba ikawa yao. Wakadai na nyumba, mama arudi kwa kaka yake kule Lupaso. Nilipopinga, binamu yangu Saidi alicheka.

"Msomi, si una mjomba wako Lupaso? Kamrithi huyo."

Nikaapa kumshtaki kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mama hakunizuia. Alisema tu, "Kwanza nisomee."

Macho yake yalikuwa yamefifia. Basi kila alfajiri, kabla ya kuteremka bondeni kuchota maji, nilimsomea sura moja ya Maandiko. Nilisoma kwa ubishi.

"Mama, haya nani aliyaona?"

"Soma, mwanangu. Maswali tutapanda nayo."

Kweli, tulibishana mlima mzima, yeye na mtungi kichwani, mimi na debe begani, wanawake wakinicheka.

Kiangazi kilipokaza, maji yakawa haba. Siku moja tulisoma habari ya kumnywesha adui mwenye kiu. Tukiwa njiani kurudi, tukaambiwa mke wa Saidi amejifungua, na kwa shangazi hakuna hata maji ya kumwosha mtoto. Mama akageuza njia.

"Mama, hata hao?"

"Tumesoma nini asubuhi? Au ulikuwa unasoma peke yako?"

Akautua mtungi mlangoni kwa wifi yake. Ndugu zangu, pale ndipo Bwana aliponipata. Hoja zangu zote zilikuwa na haki, na ndani kitoto kilikuwa kinalia. Nikatua debe.

Jioni shangazi akaja, akaketi kizingitini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wifi, mikorosho ni ya wanangu, mila sitaivunja. Lakini nyumba hii hutoki. Nitamfukuzaje aliyemwosha mjukuu wangu?"

"Basi ingia ndani," mama akasema. "Unakaa mlangoni kama karani wa kodi."

Shangazi akacheka, akaingia.

Mikorosho ilikwenda. Mwaka ule tulichimba ming'oko, ile mizizi ya porini, ili tule. Lakini kwa Bwana Shauri sikwenda, na chuki niliyoilea tangu matanga ilinitoka. Sikuitoa kwa akili zangu. Maswali ninayo bado, na kila alfajiri nasoma nayo.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama. Nawe uliyegombana na nduguzo, sikwambii uamini yote leo. Soma sura moja, kisha uitende kabla jua halijazama, hata kama moyo unakataa. Mtegemee Bwana kwa hiyo moja tu. Hatakuacha hapo ulipo.