Namba Iliyosomwa Benchini

Mmeanza tena kunisumbua na habari ya Profesa, kama vile nikisimulia vyombo vitajiosha. Haya. Kijiwe chenyewe ni benchi lenye mguu wa kuazima, mbele ya kibanda cha fundi simu. Birika la kahawa linachemka, midomo inachemka zaidi. Binti wa mshonaji alikaa pembeni, simu ya mama yake mapajani. Humo mlikuwa na pesa ya mtihani mmoja tu, na kwa ajili yake mama alikuwa ameuza cherehani. Ofisi moja ilimwahidi binti kazi ya kulinda kompyuta zake, mradi alete cheti kabla ya mwezi kwisha. Vyeti vilikuwa viwili. Binti alitaka ushauri, alipata benchi.

— Chukua cha misingi, alisema Fundi Simu. Kinajulikana kila mahali.

— Hata mafua yanajulikana kila mahali, akajibu Profesa, mjomba wa binti, ambaye uprofesa alipewa na benchi hilohilo. Chukua cha udukuzi. Ukijua kuvunja, watakuogopa mpaka mshahara wakuletee nyumbani.

— Mjomba, hicho wanapewa waliokwisha kufanya kazi.

— Ulinzi ni ulinzi tu, mama. Nimeuliza hata kwenye kundi letu la mtandaoni. Nimeweka na namba ya simu hiyo, wataalamu wakupigie.

Binti aliivuta simu karibu, ila kwa mjomba mtu habishi mara mbili.

— Mnajisumbua, alisema Dobi kutoka mwisho wa benchi. Vyeti vyote vinachapwa chumba kimoja. Tofauti ni wino.

— Na wino wenyewe unasikiliza simu zetu, akaongeza Fundi.

Simu ikalia. Profesa aliinyakua kabla binti hajanyoosha mkono.

— Naam, mimi ndiye mlezi wake. Kituo cha mitihani? Mmepunguza ada? Ngoja nivae miwani nisome hiyo namba ya kuthibitisha mliyotuma.

— Mjomba, usiisome.

— Tulia, wakubwa wanaongea.

Akaisoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya kuhutubia. Ujumbe mwingine ukaingia. Binti aliusoma, akaurudia. Salio halikuwa na kitu.

Mama mmoja aliyefuata simu yake kwa fundi aliuliza taratibu:

— Samahani, huyo mpigaji, namba ya simu hiyo kaipata wapi?

Dobi alichungulia kikombe chake. Fundi alitafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

Mwezi uliisha, kazi akapewa mwingine. Profesa alikwenda kwa dada yake na viapo vya kila aina. Mshonaji, sindano ya mkono kidoleni, alimwambia viapo havishoni.

Sasa Profesa ni mlinzi wa lango la ofisi ileile, sare imembana tumbo, rungu kwapani. Mshahara wote unapitia kwa dada yake mpaka cherehani irudi. Na kila asubuhi humfungulia lango kijana aliyechukua nafasi ya mpwa wake, na ni sharti ampigie saluti.